Jimbo Lililosahau Kuandika Umri

Jumatano ya tarehe 24 Septemba 2008, baba mmoja wa mji wa Omaha, katika jimbo la Nebraska nchini Marekani, aliingia hospitali ya Chuo Kikuu cha Creighton akiwa na watoto wake tisa. Mdogo alikuwa na mwaka mmoja, mkubwa miaka 17. Mke wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, muda mfupi baada ya kujifungua kitindamimba wao. Aliwakabidhi wote tisa kwa wahudumu, akaondoka. Hakuna aliyemkamata, kwa sababu sheria ya jimbo ilikuwa upande wake.

Sheria hiyo ilikuwa na miezi miwili tu tangu ianze kutumika. Ilisema kwa ufupi kwamba mtu hatashtakiwa kwa kosa la jinai kwa sababu tu amemwacha mtoto mikononi mwa mfanyakazi aliye zamu katika hospitali yenye leseni ya Nebraska, na kwamba hospitali itaarifu wahusika mara moja waje kumchukua. Mtoto wa umri gani? Hapo sheria ilinyamaza.

Majimbo mengine yote 49 yalikuwa tayari na sheria za namna hiyo. Texas ilitangulia mwaka 1999, baada ya vichanga kadhaa kutupwa katika jiji la Houston, na lengo lilikuwa moja: msichana aliyejifungua kwa siri asikimbilie jalalani, apate mahali pa kumwacha mtoto akiwa hai bila kuogopa pingu. Baadhi ya majimbo yaliweka kikomo cha siku tatu, mengine mwezi, na North Dakota ikaenda hadi mwaka mmoja. Nebraska ilishika mkia. Muswada wa Seneta Arnie Stuthman ulianza na kikomo cha saa 72, lakini maseneta wakavutana kuhusu umri: kama wa siku tatu analindwa, wa siku nne kakosa nini? Nebraska ina bunge la chumba kimoja lenye maseneta 49, na hakuna chumba cha pili cha kuupitia muswada upya. Ili mambo yaende, kikomo kikaondolewa, likabaki neno "mtoto" peke yake. Gavana Dave Heineman akatia saini Februari 2008, na sheria ikaanza kutumika tarehe 18 Julai. Katika jimbo hilo mtu hahesabiwi kuwa mtu mzima mpaka atimize miaka 19.

Kufikia Novemba, watoto 36 walikuwa wameachwa hospitalini. Hakuna kichanga hata mmoja kati yao. Wengi walikuwa na umri wa kati ya miaka 10 na 17, na si wote waliokuwa wa Nebraska. Mama mmoja alitoka eneo la Detroit, Michigan, akaendesha gari kwa saa kama 12 hadi Omaha na mwanawe wa miaka 13. Mwingine alitoka Georgia, kusini kabisa, akamfikisha wake wa miaka 12 katika mji wa Lincoln. Walikuwepo pia mabibi na mashangazi waliokuwa wakilea watoto wasio wao na ambao nguvu zilikuwa zimewaishia.

Siku za mwanzo, lawama ziliwaangukia wazazi. Maofisa wa jimbo walirudia mara kwa mara kwamba sheria inatumiwa visivyo, kwamba haikutungwa kwa ajili ya mzazi aliyechoshwa na kijana mkaidi. Lakini majalada yalipofunguliwa, sura nyingine ilijitokeza. Walio wengi sana kati ya watoto hao walikuwa wamewahi kutibiwa magonjwa ya akili. Walikuwa na historia ya kulazwa, ya dawa zilizobadilishwa mara kwa mara, ya shule zilizowafukuza. Wazazi wengi walieleza jambo moja: walikuwa wamebisha kila mlango wanaoujua, na huu ndio wa kwanza kufunguliwa.

Kilichowashangaza watu wa nje hakikuwa kigeni kwa maofisa wa ustawi wa jamii. Kwa miongo kadhaa, katika majimbo mengi ya Marekani, familia za kipato cha kati zilikuwa zikiwakabidhi watoto wao kwa serikali ili tu watibiwe. Tofauti ni kwamba zilifanya hivyo kimyakimya, katika mahakama za watoto ambako milango hufungwa. Nebraska, kwa kusahau kuandika umri, iliifanya shughuli hiyo mbele ya kamera.

Asili ya jambo hili iko katika namna mifuko miwili ya fedha ilivyopangwa. Sheria za ulinzi wa mtoto za Marekani za zama hizi zilizaliwa kutokana na kipigo. Mwaka 1962 daktari Henry Kempe na wenzake wa Colorado walichapisha makala iliyowaonyesha madaktari jinsi ya kutambua mifupa iliyovunjwa na wazazi wenyewe. Katika miaka michache majimbo yakapitisha sheria za kulazimisha taarifa kutolewa, na mwaka 1974 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kitaifa ya kuzuia ukatili dhidi ya watoto. Mwaka 1980 ikafuata sheria nyingine iliyopanga fedha za malezi ya kambo: serikali kuu itachangia gharama za mtoto aliyeondolewa nyumbani kwao. Fedha hizo hazikuwa na kikomo: ziliongezeka kadiri watoto walivyoongezeka. Za kumsaidia mtoto akiwa bado nyumbani zilikuwa kidogo na zenye mpaka.

Mfuko wa pili ni Medicaid, mpango wa matibabu kwa wasio na uwezo ulioanzishwa mwaka 1965. Kwa watoto, Medicaid ilikuwa na ukarimu ambao bima nyingi za kazini hazikuufikia. Ila mtoto anayeishi na wazazi wake hupimwa kwa kipato cha wazazi. Mwalimu na fundi umeme, mume na mke, walizidi kiwango. Mtoto wao akiwa mikononi mwa jimbo, kipato cha wazazi kiliacha kuhesabiwa, na kadi ya Medicaid ikatoka.

Kwa upande wa bima za kazini, mkataba wa kawaida wa miaka ya 1990 uliweka kikomo cha siku 30 za kulazwa kwa ugonjwa wa akili kwa mwaka, na ziara 20 za kumwona mtaalamu. Mgonjwa wa moyo hakuwekewa kikomo cha aina hiyo. Kijana wa miaka 14 aliyejaribu kujiua mara mbili angeweza kuzimaliza siku zake 30 kabla ya Pasaka.

Hapo ndipo safari ilipoanzia. Hospitali inapiga simu: siku zimekwisha, njooni mumchukue. Daktari anaandika kwamba hayuko salama kurudi nyumbani, kwa sababu amemtishia mdogo wake kwa kisu, na anapendekeza kituo cha tiba cha kuishi humohumo. Kituo hicho kwa mwaka mmoja kinagharimu kuliko nyumba ya familia. Bima inakataa. Shule inasema hilo si suala la elimu. Idara ya afya ya akili ina orodha ya kusubiri. Mwishowe mtu mmoja, mara nyingi mwenye nia njema, anamvuta mama pembeni na kumpa ushauri usioandikwa popote: usije kumchukua. Usipokuja, hospitali italazimika kuita ustawi wa jamii.

Ustawi wa jamii wakifika, wanahitaji sababu ya kisheria ya kumchukua mtoto, na sababu zilizopo ni zile zilizotungwa kwa ajili ya wakosaji: kupigwa, kunyimwa matunzo, kutelekezwa. Katika kanuni za watoto za Nebraska kipo kifungu kinachozungumzia mtoto asiye na matunzo ya kutosha bila kosa la mzazi, lakini kimewekwa katika orodha moja na vya aliyetupwa na aliyetelekezwa. Mzazi anasimama mbele ya hakimu kama mdaiwa. Katika baadhi ya majimbo jina lake liliingia kwenye daftari la waliowatendea watoto vibaya, na mwalimu au muuguzi akiwa humo huweza kupoteza kazi. Uamuzi kuhusu dawa, shule na mahali pa kuishi unahamia kwa ofisa. Mzazi anaomba ruhusa ya kumtembelea mwanawe, na anaweza kuamriwa kulipa fedha za matunzo kama mzazi aliyekimbia nyumba.

Mahakama Kuu ya Marekani iliwahi kukutana na maisha ya aina hii mwaka 1979, katika kesi iliyotoka Georgia iitwayo Parham dhidi ya J.R. Swali lilikuwa kama mzazi anaweza kumlaza mtoto katika hospitali ya serikali ya magonjwa ya akili bila mtoto kusikilizwa kwanza na hakimu. Jaji Mkuu Warren Burger aliandika kwamba anaweza, mradi daktari asiyefungamana na upande wowote amekubali, kwa kuwa wazazi kwa kawaida huwatakia watoto wao mema.

Wanasheria husoma kesi hiyo kwa ajili ya kanuni. Maelezo yake kuhusu watoto wenyewe hayatajwi sana. Wa kwanza, J.R., alichukuliwa na serikali akiwa na miezi mitatu kwa sababu ya kutotunzwa, akapitia familia saba za kambo, na alipofika miaka saba akalazwa hospitali ya Milledgeville. Wa pili, J.L., alilazwa hapo mwaka 1970 akiwa na miaka sita, baada ya kufukuzwa shule kwa vurugu. Mama yake na baba wa kambo walijaribu kuishi naye nyumbani, wakashindwa, na mwaka 1974 wakakabidhi haki zao zote kwa serikali ya wilaya. Wafanyakazi wa hospitali walipendekeza apatiwe familia maalumu ya kumlea, yenye upendo na uangalizi wa karibu. Idara husika haikuipata. J.L. alifariki kabla rufaa haijaamuliwa. Ni simulizi la kurasa chache katika hukumu ya mahakama, nalo lina kila kitu ambacho Omaha ingekiona miaka 34 baadaye: mtoto mgonjwa, familia iliyojaribu, huduma ya katikati isiyokuwepo, na saini ya kumtoa mtoto.

Huduma ya katikati ndiyo pengo lenyewe. Kuanzia miaka ya 1960 hospitali kubwa za magonjwa ya akili zilianza kupunguzwa, kwa ahadi kwamba kliniki za mitaani zingechukua nafasi yake. Vitanda viliondoka kwa kasi kuliko kliniki zilivyofika. Mwaka 1982 mwanasaikolojia Jane Knitzer alitoa ripoti kwa niaba ya Mfuko wa Utetezi wa Watoto, akaeleza kwamba theluthi mbili ya watoto milioni tatu wenye matatizo makubwa ya akili hawakuwa wakipata huduma waliyoihitaji. Miaka miwili baadaye serikali kuu ilianzisha mpango mdogo wa kuyasaidia majimbo kuunganisha shule, kliniki, ustawi wa jamii na mahakama. Fikra ilikuwa njema. Fedha hazikulingana nayo.

Wakati huohuo, mtoto mmoja alionyesha kwamba mlango unaweza kufunguliwa. Katie Beckett wa Cedar Rapids, Iowa, alizaliwa mwaka 1978, akapata maambukizi ya ubongo akiwa na miezi mitano, na kuanzia hapo alipumua kwa msaada wa mashine. Medicaid ilikubali kumlipia hospitalini, ikakataa kumlipia nyumbani, ingawa nyumbani gharama ni ndogo zaidi, kwa sababu akitoka tu kipato cha wazazi kinarudi kwenye hesabu. Novemba 1981 Rais Ronald Reagan alimtaja mbele ya waandishi wa habari kama mfano wa upuuzi wa kanuni za serikali. Katie alirudi kwao, na mwaka 1982 sheria ikaruhusu majimbo, kwa hiari yao, kuwahudumia nyumbani watoto wa aina yake bila kutazama kipato cha wazazi.

Wenye watoto wenye ugonjwa wa akili walijaribu kupita njia hiyohiyo, wakakuta ni nyembamba. Mtoto alitakiwa kuthibitishwa kuwa na hali ya kulazwa hospitalini. Vituo vya tiba vya kuishi humohumo, walikopelekwa wengi wao, havikuhesabiwa kuwa hospitali katika kanuni za huduma za nyumbani. Mashine ya kupumulia inaonekana kwa macho. Hasira ya mtoto wa miaka tisa asiyelala usiku tatu mfululizo inaonekana kama malezi mabaya.

Wazazi wakaanza kujikusanya. Mwaka 1989 liliundwa shirikisho la familia za watoto wenye matatizo ya akili. Mwaka 1999 chama cha kitaifa cha familia za wagonjwa wa akili, NAMI, kiliwauliza wazazi, na karibu robo wakasema waliwahi kuambiwa wakabidhi ulezi ili mtoto apate huduma. Mmoja kati ya watano alikuwa amefanya hivyo. Aprili 2003 Ofisi ya Ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa hesabu yake: katika mwaka wa fedha wa 2001, maofisa wa ustawi wa jamii katika majimbo 19, na wa mahakama za watoto katika wilaya 30, walikadiria kwamba watoto wapatao 12,700 walikabidhiwa kwao kwa ajili ya tiba ya akili tu. Kati yao 3,700 waliingia ustawi wa jamii, na 9,000 mfumo wa watoto waliovunja sheria. Majimbo 32, yakiwemo matano yenye watoto wengi kuliko yote, hayakutoa takwimu.

Hao 9,000 wanastahili kutazamwa mara ya pili. Ni watoto ambao njia yao ya kumpata daktari ilikuwa kituo cha polisi: mzazi anapiga simu, anaripoti kwamba mwanawe amempiga au amevunja dirisha, anatumaini hakimu ataamuru tiba. Baadhi ya mahakimu waliamuru. Mtoto alitoka na dawa na rekodi ya jinai kwa pamoja.

Seneta Susan Collins wa Maine aliendesha vikao vya kusikiliza wazazi mwaka huohuo wa 2003, na muswada wa kuzuia kukabidhi ulezi ukawasilishwa. Haukupita. Massachusetts ilisukumwa na mahakama: mwaka 2001 watoto kadhaa waliishtaki serikali ya jimbo, na Januari 2006, katika kesi iitwayo Rosie D., Jaji Michael Ponsor aliamua kwamba Medicaid inawadai watoto hao huduma za kina wakiwa nyumbani kwao, si katika vituo tu. Hukumu hiyo iliwahusu wenye Medicaid. Fundi umeme na mwalimu walibaki pale walipokuwa.

Hiyo ndiyo hali ambayo Nebraska ilijikuta ndani yake mwaka 2008. Bahati ya kalenda iliongeza jambo jingine: tarehe 3 Oktoba, siku tisa baada ya baba wa Omaha, Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyozitaka bima za kampuni kubwa zinazotoa huduma ya akili zisiiwekee vikomo vikali kuliko magonjwa mengine. Iliambatanishwa na muswada wa kuyaokoa mabenki. Kikomo cha siku 30 za kulazwa kilianza kuhesabiwa siku zake. Wazazi waliokuwa njiani kuelekea Omaha hawakuwa na muda wa kungoja.

Heineman aliitisha kikao maalumu cha bunge kuanzia tarehe 14 Novemba. Tangazo lenyewe liliwaharakisha walioogopa mlango kufungwa. Mjadala ulikuwa na pande mbili. Wengi walitaka kurekebisha umri upesi na kwenda nyumbani. Wachache walisema kufunga mlango bila kufungua mwingine ni kuwarudisha wazazi gizani. Tarehe 21 Novemba kikomo cha siku 30 tangu kuzaliwa kilipitishwa kwa kura 43 dhidi ya 5, gavana akatia saini siku hiyohiyo, na usiku ukaisha Nebraska ikiwa imefanana na majimbo mengine.

Hoja ya wachache ilirudi mwaka uliofuata. Sheria ya mwaka 2009 ilianzisha simu ya msaada kwa familia ya saa 24, iliyoanza kazi Januari 2010 chini ya Boys Town, taasisi ambayo padri Edward Flanagan aliianzisha Omaha mwaka 1917 kwa ajili ya wavulana wasio na makao. Anayepiga huzungumza na mshauri, na akihitaji huunganishwa na mtu wa kumwongoza katika ofisi, mara nyingi mzazi aliyekwisha kupita njia hiyo. Kiwango cha kipato kwa bima ya watoto ya jimbo kilipandishwa pia, hadi mara mbili ya mstari wa umaskini.

Illinois nayo, ambako wazazi walizoea kugoma kuwachukua watoto wodini, ilitunga sheria iliyoanza kutumika mwaka 2015 ikizitaka idara zake zikae pamoja na kumpatia mtoto tiba kabla mzazi hajafikishwa mahakamani. Mwaka 2018 Bunge la Marekani likaugusa mfuko wenyewe. Sheria ya kutanguliza familia iliruhusu fedha za malezi ya kambo, kwa mara ya kwanza, zilipie tiba ya akili kwa hadi miezi 12 mtoto akiwa kwao, bila kutazama kipato cha wazazi. Sharti ni kwamba ofisa wa jimbo aandike kwanza kwenye mpango wa mtoto kwamba yuko hatarini, wakati wowote, kuchukuliwa na kupelekwa malezi ya kambo.